Programu dhibiti ya chuma cha kulehemu: ni nini, na kuisasisha ni kufanya nini

Programu dhibiti ni maagizo yaliyoandikwa katika kumbukumbu ya kudumu ya kifaa, yaani kumbukumbu isiyofutika umeme unapokatika, ambayo chipu ya kifaa hicho huanza kuyatekeleza mara tu inapopata umeme. Ruta ya intaneti inayo, king'amuzi cha televisheni kinayo, na siku hizi hata chuma cha kulehemu, kile cha kuyeyushia lehemu ili kuunganisha vipande vya saketi, kinaweza kuwa nayo. Chuma cha kawaida, kile kinachochomekwa ukutani na kuendelea kupata moto mpaka kichomolewe, hakihitaji programu yoyote kwa sababu hakuna jambo kinaloamua. Chuma janja huamua mambo mara nyingi katika kila sekunde, na ubora wake unategemea maagizo hayo kama unavyotegemea metali iliyotumika kukitengeneza.

Itazame ncha yenyewe. Katika vyuma janja kama TS100 ya kampuni ya Miniware, na Pinecil ya kampuni ya Pine64 iliyoanza kuuzwa mwaka 2020, ncha imebeba vitu viwili ndani yake: waya unaotoa joto, na kihisi kilichoundwa kwa metali mbili tofauti zilizounganishwa. Vyote viwili viko katika saketi moja, kimoja kikifuata kingine. Kihisi hutoa volteji ndogo mno, ya kuhesabiwa kwa sehemu za elfu za volti, ilhali umeme unaopasha ncha huwa wa volti 12, 20 au hata 24, kwa hiyo haiwezekani kupasha na kupima kwa wakati mmoja. Programu dhibiti hukata umeme wa kupasha kwa muda mfupi sana, husubiri saketi itulie, husoma volteji ya kihisi, hujumlisha joto la mpini (kwa kuwa kihisi cha aina hii huonyesha tofauti ya joto kati ya pande zake mbili, si joto kamili la ncha), kisha huamua umeme urudishwe kwa kiasi gani. Fundi anapogusisha ncha kwenye eneo pana la shaba ambalo hunyonya joto kwa haraka, na lehemu ikayeyuka bila kusuasua, ni mzunguko huo uliofanya kazi vizuri. Hesabu ikikosewa, kioo kitaandika 320 huku ncha ikiwa na joto jingine kabisa, na fundi atajua pale njia ya shaba itakapobanduka kwenye ubao wa saketi.

Programu hiyohiyo ndiyo inayosoma kihisi cha mwendo kilichomo kwenye mpini, ikagundua kwamba chuma kimelala mezani bila kuguswa, ikateremsha joto hadi nyuzijoto 150 au kiwango kingine kilichowekwa. Katika Pinecil, ndiyo pia inayojadiliana na chaja ya USB-C kuhusu volteji itakayotolewa, na matokeo ya majadiliano hayo si madogo. Ncha yenye ukinzani wa omu 8 ikipata volti 12 hutoa wati 18 tu, lakini ikipata volti 20 hutoa wati 50, yaani karibu mara tatu. Kwa anayefanya kazi kwa betri, mbali na umeme wa gridi, kuna mpangilio wa kutaja idadi ya seli za lithiamu ili chuma kijizime kabla betri haijashuka kupita kiasi na kuharibika.

Kusasisha programu dhibiti, basi, ni kufuta maagizo yaliyomo katika kumbukumbu ya chipu na kuandika mengine mahali pake. Si sawa na kuongeza programu kwenye simu, ambako mfumo unabaki na kitu kipya kinaongezwa juu yake. Hapa kinachoondolewa ni mfumo mzima, kwa hiyo kazi inahitaji zana inayoweza kuzungumza na chipu wakati mfumo wenyewe haupo. Kwa vyuma nilivyovitaja, zana hizo zote zinapatikana bila malipo na msimbo wake uko wazi. Programu dhibiti yenyewe inaitwa IronOS, iliyoanzishwa na Ben V. Brown kwa ajili ya TS100 na baadaye ikapanuliwa kuhudumia TS80, Pinecil na vyuma vingine. Imetolewa kwa leseni ya GPL toleo la 3, inayompa kila mtu haki ya kusoma msimbo, kuubadilisha na kuusambaza, mradi naye aache mabadiliko yake wazi kwa atakaowasambazia. Haki hiyo si pambo. Katika kifaa kinachofikia nyuzijoto 400 mkononi mwa mtu, uwezo wa kufungua faili na kusoma ni kwa sharti gani hasa umeme wa ncha hukatwa ni suala la usalama, nami nauthamini kuliko kioo kizuri au mpini wa kupendeza.

Namna ya kuandika programu mpya hutofautiana kulingana na chipu iliyomo ndani, na hapa ndipo wengi hujichanganya, kwa sababu Pinecil ya kwanza na ya pili zinafanana kwa nje lakini hazitumii chipu moja. Ya kwanza ina GD32VF103 na husasishwa kwa zana iitwayo dfu-util. Mtumiaji hubonyeza kitufe cha kutoa, chenye alama ya −, na akiwa bado amekishikilia huunganisha chuma na kompyuta kwa kebo ya USB, kisha huandika amri dfu-util -D Pinecil_EN.dfu. Pinecil V2, iliyotoka mwaka 2022, ina BL706, nayo husasishwa kwa zana iitwayo blisp: kitufe kilekile hushikiliwa kabla ya kuunganisha na kuendelea kushikiliwa kwa sekunde zisizopungua 10, kisha amri huwa blisp write -c bl70x --reset Pinecilv2_EN.bin. Herufi EN zinaonyesha lugha ya menyu, kwani kila lugha ina faili lake. TS100 haihitaji hata amri: ikiunganishwa huku kitufe A kimebonyezwa, hujitokeza kwenye kompyuta kama diski ndogo, faili la programu hunakiliwa humo, na likipokelewa vizuri jina lake hubadilika na kuishia na RDY, likikataliwa huishia na ERR.

Katika Pinecil zote mbili, dalili kwamba chuma kimeingia katika hali ya kusasishwa ni kioo cheusi kabisa. Asiyejua hudhani kifaa kimekufa, hukichomoa na kuanza upya, kumbe kilikuwa kinangoja amri. Ikiwa kompyuta haikioni, cha kwanza kushukiwa ni kebo, kwa sababu kebo nyingi za bei nafuu zina nyaya za umeme pekee bila zile za data. Kwenye Linux, V2 hujitokeza kama mlango wa data, kwa kawaida /dev/ttyACM0, na mtumiaji asiye na ruhusa ya kuufungua atapata jibu la kukataliwa hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Kwenye Windows, Pinecil ya kwanza huhitaji kwanza kuwekewa kiendeshi, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa, kazi ambayo hufanywa kwa zana iitwayo Zadig. Wakati wote huo chuma kiwe kimepoa, na kisiwe kimechomekwa pia kwenye adapta ya umeme.

Hofu iliyopo ni kwamba umeme ukikatika katikati ya uandishi, chuma kitabaki na programu nusu na hakitawaka tena. Sehemu ya kwanza ya hofu hiyo ni ya kweli: programu iliyoandikwa nusu haiwaki. Sehemu ya pili si kweli kwa Pinecil, kwa sababu ile programu ndogo ya kuwashia, inayopokea data kutoka kwenye kompyuta, haikai katika kumbukumbu inayofutwa. Imewekwa na mtengenezaji wa chipu katika sehemu isiyoandikika, na kubonyeza kitufe kile wakati wa kuunganisha huiita yenyewe moja kwa moja, bila kujali hali ya programu kuu. Kwa hiyo uandishi uliokatika hurudiwa tangu mwanzo. Katika TS100, programu ya kuwashia imo katika kumbukumbu ileile ya kuandikika, ila katika eneo lililotengwa ambalo usasishaji wa kawaida hauligusi.

Pamoja na usalama huo, sioni sababu ya kusasisha chuma kinachofanya kazi vizuri kwa kuwa tu toleo jipya limetoka. Soma kwanza maelezo ya toleo: likirekebisha kasoro unayokutana nayo, kama vile chaja isiyokubaliana na chuma chako, au likiongeza ncha unayotaka kutumia, sasisha, lisipokuhusu, endelea na kazi. Ukisasisha, pakua faili kutoka kwenye hazina ya mradi wenyewe, si nakala iliyopita mikononi mwa watu, na uhakikishe ni la modeli yako.

Baada ya kumaliza, bonyeza kitufe cha kutoa kwa muda mrefu ukiwa kwenye kioo cha mwanzo ili namba ya toleo ionekane, kisha pitia menyu yote, kwani mipangilio ya zamani, ikiwemo ya betri na ya muda wa kulala, inaweza kuwa imerudi ilivyokuwa kiwandani. Usawazishaji wa joto, yaani kurekebisha kipimo cha kihisi, ukihitajika, ufanywe chuma kikiwa hakijawashwa kwa muda wa kutosha, ncha na mpini vikiwa na joto lilelile la chumba, kwa kuwa programu huchukulia wakati huo kwamba tofauti kati yake ni sifuri, na ncha yenye joto lililobaki itapotosha kila kipimo kitakachofuata.