Chakula cha karibu: usihesabu kilomita peke yake

Kula kinacholimwa karibu kunapunguza madhara kwa mazingira, lakini si kila mara, na si kwa kiasi ambacho wengi hudhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science ulikadiria kuwa usafirishaji huchangia takriban asilimia 6 tu ya gesijoto (gesi zinazoongeza joto duniani) zitokanazo na chakula. Nyingi hutoka shambani kwenyewe: misitu iliyofyekwa, mbolea ya nitrojeni, na gesi ya methani ambayo ng'ombe hucheua. Nyama ya ng'ombe wa jirani, basi, bado inachafua kuliko maharage makavu yaliyovuka bahari.

Uliza kwanza chakula kimekuja na chombo gani. Kubeba tani moja kwa kilomita moja, meli kubwa hutoa takriban gramu 10 hadi 20 za kaboni dioksidi, lori kama gramu 100, ndege gramu 500 hadi zaidi ya 1,000. Kilo moja ikienda kilomita 6,000 kwa meli hutoa gramu 60 hadi 120. Kwa ndege, kilo 3 hadi 6! Vyakula vinavyopanda ndege ni vile visivyovumilia wiki kadhaa njiani, kama maharage mabichi na stroberi za nje ya msimu. Hivyo ndivyo vya kubadilisha na vya karibu. Ndizi na machungwa kwa kawaida huja na meli.

Hata wewe umo kwenye hesabu: gari la petroli likienda shambani kilomita 5 na kurudi kufuata fungu la mboga, limetoa kama kilo 1.5 hadi 2.

Msimu nao una uzito. Nyanya ya kitalu-nyumba kinachopashwa moto kwa gesi wakati wa baridi huweza kuchafua kuliko iliyoivia juani mbali na kuletwa na lori.

Mazao ya karibu mara nyingi huvunwa yameshaiva, kwa hiyo hayangoji. Nunua ya siku mbili tatu. Mboga za majani usizioshe kabla ya kuzihifadhi, maana maji yanayobaki kwenye mikunjo huziozesha. Toa majani yaliyochubuka, na uziweke mbali na ndizi zinazoiva, ambazo hutoa etilini, gesi inayoyageuza majani kuwa manjano. Viazi viweke gizani penye hewa. Vikiona mwanga huwa vya kijani na kujenga sumu ya solanini, na kuvichemsha hakuiondoi.