Wino mweusi wa peni ya nibu: usiuhukumu ukiwa mbichi

Watu wakinitumia picha ya wino mweusi walionunua, huwa ni mstari mmoja mnene, bado unang'aa maji, alafu swali: "vipi, huu mzuri?" Jamani, kwa picha hiyo hakuna wa kukujibu, maana wino wowote mweusi ukiwa mbichi ni mweusi, hata ule wa bei chee kabisa. Uache ukauke vizuri, kama dakika kumi hivi, alafu peleka karatasi dirishani, kwenye mwanga wa mchana, sababu taa za ndani zina rangi zake na zinaficha mambo. Hapo ndo utaona mmoja umebaki mweusi tii na mwingine umerudi kijivu kama mkaa uliolala jikoni. Na andika kwa nibu, ile ncha ya chuma ya peni, unayotumia kila siku. Nibu nene inamwaga wino mwingi kwa hiyo kila kitu kinapendeza, ila nibu nyembamba, hizi zilizoandikwa F (nyembamba) na EF (nyembamba zaidi), hasa za Kijapani ambazo kwa kawaida ni nyembamba kuliko za Ulaya zenye herufi hiyohiyo, hazina huruma na wino mwepesi.

Weusi wenyewe unatoka wapi? Wino mwingi mweusi wa peni hizi ni rangi zilizoyeyushwa kwenye maji, na mara nyingi sio rangi moja, ni kadhaa zimechanganywa mpaka jicho linaona nyeusi. Unaweza kuzitenganisha nyumbani. Chukua karatasi ya kuchujia kahawa, kata ukanda, weka tone dogo la wino sentimita mbili kutoka chini, likikauka simamisha ukanda kwenye glasi yenye maji kidogo, maji yaguse ncha tu yasifike kwenye tone. Yatapanda taratibu yakiburuta rangi, kila moja kwa mwendo wake. Quink nyeusi ya Parker, jina lililopo sokoni tangu 1931, ukiutia maji unaachana bluu huku na kahawia kule, na wachoraji wanaupenda kwa hilohilo, wakidondoshea na jiki unageuka kama dhahabu. Sasa mtu akiona hivyo anaanza "aa, wino feki huu". Sio feki wala nini. Ukanda huo unakuonyesha tu nini kitabaki kwenye daftari lako siku chai ikimwagika.

Kama hilo la chai ndo linakunyima usingizi, basi unatafuta wino wa namna nyingine. Kuna wa pigmenti, yaani punje ndogo sana za kaboni ambazo haziyeyuki, kama Carbon Black ya Platinum au Kiwaguro ya Sailor, zote za Japani. Ukishakauka kwenye karatasi, pitisha maji juu yake, maandishi yapo palepale. Kuna Noodler's Black ya Marekani, huo unashikana na selulosi, yaani nyuzi zenyewe za karatasi, ulioshika nyuzi hautoki ng'o, ila ule wa ziada uliobaki juu juu utakuchafua vidole, na kwenye karatasi laini za kung'aa ni balaa zaidi kwasababu nyuzi za kushika haziko wazi. Alafu kuna wino wa chuma na tanini, kama ule wa Registrar's wa Diamine kule Uingereza, unaandika ukiwa bluu alafu unaenda mweusi polepole ukikutana na hewa, kwa hiyo huo ukiuhukumu siku ileile umeuonea bure. Una asidi pia, usiuache ulale kwenye peni miezi. Na tafadhali sana, ile India ink ya kuchorea yenye shelaki ndani, utomvu unaokauka mgumu kama vanishi, isiingie kwenye peni ya nibu hata kwa bahati mbaya, ikigandia humo peni imekwisha.

Tuje kwenye karatasi, hapa ndo mi natumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Wanaofanya rivyuu za wino nje wanapenda kuandikia Tomoe River au Rhodia, karatasi ambazo wino unakaa juu umetulia, kila wino humo ni bibi harusi. Wewe unaandikia kaunta buku na karatasi ya fotokopi ya gramu 80. Basi jaribu humohumo. Andika neno lenye "a" na "e" nyingi, herufi ndogo kabisa, alafu fungua kamera ya simu uzumu. Wino mzuri ukingo wa herufi umekatika safi na tumbo la "e" liko wazi. Wino mbaya unaona vinywele vinatoka pembeni kufuata nyuzi za karatasi, tumbo limeziba, "e" imekuwa doa. Geuza ukurasa: kivuli cha maandishi sio tatizo, tatizo ni vidoa vilivyopenya, hasa pale ulipotua kalamu kuweka nukta.

Wino unaotiririka sana huwa mweusi zaidi na mlaini mkononi lakini ndo huohuo unaotambaa kwenye karatasi nyepesi. Aurora Black naona uko upande huo, mtamu kweli kuandikia. Pelikan 4001 nyeusi uko upande wa pili, mkavu kidogo, haupendezi sana kwenye nibu ya EF ila kwenye madaftari yetu unatulia. Mi kwa mtu wa ofisini au mwanafunzi nachagua wa pili bila kufikiria mara mbili, wenye peni za bei mbaya mtanisamehe.

Kesho yake pitisha kidole kikavu juu ya maandishi. Kuna wino umejazwa rangi kupita kiasi, ukiuinamisha kwenye mwanga unaona mng'ao wa kahawia au mwekundu pale ulipotuama, hiyo ni rangi iliyobaki juu na ukurasa wa jirani utapigwa chapa. Na ukiwa pwani msimu wa mvua, hewa imejaa maji, kukauka kunachelewa, kwa hiyo zile sekunde unazosoma kwenye rivyuu za watu wa Ulaya usizichukue kama zilivyo.

Kabla ya kujaza, chupa iangalie kwenye mwanga pia, ukiona utando au vinyuzi vinaelea ni ukungu, mwaga. Jaza peni sasa, andika ukurasa mzima kwa haraka, usikilize kama mstari unakatika katikati, alafu funga kifuniko uiache wiki nzima. Ukifungua ikaandika mstari wa kwanza bila kutikiswa, wino umefaulu. Wa pigmenti ndo huwa unaumbuka hapa kwenye peni ambazo kifuniko hakibani vizuri, kwa hiyo kama we ni mtu wa kusahau peni kwenye begi mpaka likizo iishe, kaa na wino wa rangi ya kuyeyuka, ule unaotoka kwa maji ya bomba na konvata, kile kipampu cha ndani ya peni cha kunyonyea wino.