Namna ya kupima upendeleo kwenye taarifa ya habari ya saa 2 usiku

Huku Mbeya na Iringa mtu akikasirishwa na habari za siasa, neno linalomtoka kwanza ni kwamba kituo kinadanganya. Kwa uzoefu wangu wa kukagua taarifa za habari, mara nyingi hakidanganyi. Ukichukua sentensi moja moja, kila moja inasimama. Tatizo ni kwamba jambo lile lile likifanywa na chama hiki linapimwa kwa kipimo kimoja, na likifanywa na chama kile kinatolewa kipimo kingine. Kwa hiyo kukagua habari moja, hata uikague namna gani, hakutakuonyesha upendeleo. Unahitaji habari mbili za aina moja, uziweke sambamba.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanalinganisha waziri anayezindua mradi wa maji Mbarali na mwenyekiti wa upinzani anayezungumza na waandishi hotelini, halafu wanahesabu dakika. Hayo ni matukio mawili tofauti. Linganisha mkutano wa hadhara na mkutano wa hadhara, ikiwezekana uwanja ule ule: Ruanda-Nzovwe kwa Mbeya, Mwembetogwa kwa Iringa. Uchaguzi wa ndani wa chama hiki ulinganishe na wa chama kile. Na uangalie tarehe. Kuanzia katikati ya 2016 hadi Januari 2023 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, kwa hiyo mpinzani alionekana zaidi mahakamani, kituo cha polisi au kwenye chumba cha waandishi. Sekunde chache za kipindi hicho huwezi kuzitupia chumba cha habari peke yake.

Ukishapata jozi, chukua saa ya simu na karatasi. Andika urefu wa habari kwa sekunde, nafasi yake kwenye taarifa (ya ngapi, na ni kabla au baada ya matangazo ya biashara), na ikiwa ilitajwa kwenye muhtasari wa mwanzo. Kisha pima kitu ambacho wengi wanakiruka: sekunde ambazo mwanasiasa anasikika kwa sauti yake mwenyewe.

Tuseme chama A kimepata sekunde 160, habari ya 2, na msemaji wake anasikika kwa sekunde 55. Chama B kimepata sekunde 50, habari ya 11, na msemaji wake anaonekana akipunga mikono huku mtangazaji akisimulia juu ya picha. Mhariri atakwambia, "Wote tumewapa nafasi," na hatakuwa amesema uongo. Lakini theluthi moja ya habari ya A ni maneno ya A, ilhali B hana hata sekunde moja. Mtazamaji wa Tukuyu amemsikia A. Kuhusu B amesimuliwa tu.

Vitenzi navyo viandike. Mmoja "ameeleza", "amefafanua", "amebainisha". Mwingine "amedai", "ametuhumu", "amelalama". Neno "amedai" halina kosa lolote kama dai halijathibitishwa, mradi litumike kwa wote wenye madai yasiyothibitishwa, waziri akiwemo. Angalia pia mtendaji anapofichwa. Septemba 2, 2012, mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa Nyololo, Mufindi, akiwa kazini kwenye shughuli ya Chadema, na 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimhukumu askari polisi kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Ukisema alifariki kwenye vurugu, hujataja uongo wowote, ila umemwondoa askari kwenye sentensi.

Picha zinahitaji jicho la polepole. Kamera yenye lenzi ndefu, ikipigwa usawa wa vichwa, inawabana watu mia tatu wakaonekana umati. Kamera ile ile ikipanda juu ya gari pembeni ya uwanja na kupiga kwa upana itaonyesha nyasi tupu. Kwa hiyo usihesabu watu. Andika aina ya picha iliyotumika kwa kila upande. Kisha tazama vivuli. Mzungumzaji mkuu kwa kawaida hupanda jukwaani mwishoni, mwendo wa saa 10 au 11 jioni, na kivuli chake kinakuwa kirefu. Ukiona yeye ana kivuli kirefu na "wasikilizaji wake" wana vivuli vifupi vya mchana, ujue picha ya uwanja mtupu ilichukuliwa saa kadhaa kabla hajafika. Hila hiyo ni ya zamani na bado inatumika. Na picha ya zamani isiyoandikwa "maktaba" iwekee alama nyekundu papo hapo.

Kinachowasumbua sana wapimaji wapya ni kiongozi mwenye kofia mbili. Mkuu wa wilaya anakagua zahanati: hiyo ni habari ya serikali au ya chama tawala? Ukiihesabu yote kama ya chama, utapata upendeleo wa kutisha usio wa kweli. Ukiiacha yote, utakuwa umefumba macho. Mimi natenga safu mbili, "serikali" na "chama". Habari inahamia safu ya chama pale mzungumzaji anapovaa sare ya chama, anapotaja utekelezaji wa ilani, au anapoomba kura. Kanuni hiyo iandikwe kabla ya kuanza kupima, si baada ya kuona matokeo.

Wapimaji wawe wawili, kila mmoja ajaze karatasi yake bila kuchungulia ya mwenzake. Kwenye sekunde hamtatofautiana sana. Kwenye sauti ya habari, yaani chanya, hasi au ya kawaida, mtatofautiana. Mkishindwa kukubaliana angalau mara nane kati ya kumi, fafanueni upya vigezo na mrudie. Pimeni taarifa nzima kwa siku 14 mfululizo, kwa sababu siku moja ya ziara ya Rais inaweza kuvuruga hesabu ya wiki. Na msitumie vipande vya mtandaoni. Huko kituo kimeshachagua tena.

Matokeo yakitoka, msikimbilie kusema kuna amri kutoka juu. Mwandishi ambaye wengi humwona akiripoti kutoka Chunya au Kyela hulipwa kwa habari iliyorushwa, na gari la ofisi hana. Msafara wa mkuu wa mkoa una kiti. Mkutano wa upinzani Ileje unamtaka ajitafutie nauli. Ataripoti alikopata kiti. Juu yake kuna mhariri anayekumbuka kwamba Januari 2018 vituo vitano vya televisheni vilitozwa faini ya jumla ya shilingi milioni 60 kwa kurusha ripoti ya haki za binadamu kuhusu uchaguzi mdogo wa Novemba 2017. Mtu wa namna hiyo hahitaji kupigiwa simu.

Unafiki wa kituo, yaani kumbadilishia kipimo mtu yule yule, unapimwa vizuri zaidi kwa mwanasiasa aliyehama. Peter Msigwa alikuwa mbunge wa Iringa Mjini kwa Chadema kuanzia 2010 hadi 2020, akahamia CCM 2024. Tafuta habari zake za kabla na baada kwenye kituo kimoja, jaza karatasi ile ile. Mtu ni mmoja, ukali wa ulimi ni ule ule. Kinachobadilika ni kitenzi, nafasi na sekunde za sauti yake. Zipimeni hivyo hivyo na televisheni za mtandaoni zinazojiita sauti ya wanyonge. Huko kamanda wa jana anaamka msaliti, na rushwa ya kura za maoni inapigiwa kelele ikiwa ya chama kimoja tu. Kuna watazamaji wanaonishangaa nikisema hivi, kana kwamba kuwa mpinzani kunakuondolea kipimo.

Marekani mambo yalifika pabaya zaidi: nyaraka za kesi ya Dominion, kampuni ya mashine za kura iliyoishtaki Fox News, zilionyesha watangazaji wa kituo hicho wakidharau faraghani madai ya wizi wa kura za urais za 2020 yaliyokuwa yakirushwa na kituo chao, na Aprili 2023 Fox ikakubali kulipa dola milioni 787.5. Huo ni unafiki wenye ushahidi wa maandishi. Wetu hauna anasa hiyo, tunabaki na saa na karatasi.

Ukitaka kulalamika, anza kwa kukiandikia kituo chenyewe: tarehe, saa, jozi mbili au tatu za habari, na sekunde zake. Usiandike "mnapendelea". Wasipojibu, peleka nakala kwenye ofisi ya kanda ya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano na utangazaji, iko hapa hapa Mbeya, ukiambatanisha rekodi ya taarifa nzima na karatasi zote mbili za wapimaji, pamoja na pale mlipotofautiana.