Je, wajua kwa nini Delta Force ilichelewa kuzaliwa karibu miaka 15?

Wengi wakisikia Delta Force, kikosi cha makomandoo wa jeshi la Marekani cha kuokoa mateka na kupambana na magaidi, wanadhani Marekani wanayo tangu enzi za vita ya pili ya dunia, kumbe wala, imeundwa Novemba 1977 tu, na wazo lenyewe wamelitoa kwa Waingereza.

Iko hivi. Mwaka 1962 kapteni mmoja wa Green Berets (vikosi maalumu vya jeshi la Marekani), Charlie Beckwith, alipelekwa Uingereza kukaa na SAS, makomandoo wa jeshi la huko, kwa mpango wa kubadilishana maafisa. Mwanzoni alishangaa kuona askari hawana habari na saluti wala kupiga pasi magwanda, lakini wakiingia porini ni moto wa kuotea mbali. Akaenda nao mpaka misitu ya Malaya (Malaysia ya leo), huko akapata leptospirosisi (ndo hii homa ya mgunda) nusura imuue.

Aliporudi kwao akaandika ripoti kwamba na sisi tuwe na kikosi kidogo cha namna hii. Wakubwa wakaikalia. Hoja ilikuwa Green Berets si wapo? Ila wale kazi yao kubwa ilikuwa kufundisha wapiganaji wa nchi zingine, na kuvamia ndege ili kutoa mateka ni kazi nyingine kabisa.

Kilichowaamsha ni miaka ya 70. Munich 1972 wanamichezo na makocha 11 wa Israel waliuawa kwenye Olimpiki, polisi wa Ujerumani walijaribu kuokoa mateka bila kikosi cha kazi hiyo wakachemka vibaya. Ndo Wajerumani wakaunda GSG 9, kikosi maalumu cha polisi, na usiku wa Oktoba 18, 1977 vijana hao wakavamia ndege ya Lufthansa iliyotekwa na kupelekwa Mogadishu, abiria wote 86 wakatoka hai, japo rubani alishauawa Aden, Yemen, kabla ya hapo. Marekani mchakato ulikuwa umeanza ila unajikokota, sasa baada ya Mogadishu kila mtu Washington anauliza je ingekuwa ndege yetu tungemtuma nani? Mwezi uliofuata Delta ikawepo, bosi wake Beckwith.

Mchujo nao waliiga SAS, unatembea milimani na begi zito mgongoni na muda wa mwisho hawakuambii, yani unakazana tu hujui kama umeshafeli.

Kazi ya kwanza kubwa sasa, Aprili 1980, kwenda Tehran, Iran, kutoa mateka 53 wa ubalozi wa Marekani. Hawakufika hata mjini. Helikopta 8 ziliondoka kwenye meli, zikafika jangwani 6, moja ikagoma, zikabaki 5 wakati mpango unataka angalau 6, wakasitisha. Wakati wa kuondoka helikopta moja ikagonga ndege ya mizigo iliyobeba mafuta, wakafa watu 8. Ukiangalia vizuri makomandoo walikuwa tayari kabisa, tatizo lilikuwa usafiri, marubani na helikopta walikuwa wa kuazima kutoka vikosi vingine. Ndo baada ya hapo jeshi likaunda kikosi cha marubani wa helikopta wa kazi hizi tu, wale wanaoitwa Night Stalkers.