Dakika tano na mikro: dhana potofu kuhusu wachekeshaji wanaoanza Lubumbashi

Iwe kwenye ua wa baa huko Kamalondo au kwenye ukumbi mdogo wa katikati ya mji, jioni ya wanaoanza huenda hivi: mtu anapewa dakika tatu hadi tano, anapanda, anashuka, kisha anasikia watu wamemwonaje. Nimeona vijana wenye kipaji wakiacha baada ya jioni kama hiyo, na wengi wao waliangushwa na mambo waliyoaminishwa kabla hata ya kushika mikro.

"Anatuvunja mbavu kila siku kwenye kinywaji, jukwaani atashindwaje?"

Mezani kwa marafiki, nusu ya kazi imeshafanyika kabla hujafungua kinywa. Wanamjua shemeji yako, wanakumbuka siku basi la Kasumbalesa lilipowaacha njiani, na kila mmoja anakurushia neno la kudakia. Jukwaani hakuna anayekujua. Inabidi umwonyeshe msikilizaji mtu na mahali kwa sentensi mbili, umfanye atazamie jambo fulani, kisha umletee jingine. Huo ni ufundi, na ufundi hufunzwa.

Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwasikiliza watu wakizungumza katika maeneo ya kawaida ya mji. Alikuta kwamba vicheko vingi hufuata maneno yasiyo na kichekesho chochote, kama "haya, tutaonana". Marafiki hucheka kwa sababu wako pamoja na wanapendana. Kicheko chao kina thamani kubwa, lakini hakiwezi kukuambia kama maneno yako yatasimama mbele ya wageni.

"Dakika tano ni kidogo, nitasema kitakachonijia"

Kwa mwendo wa kawaida mtu hutamka maneno zaidi ya mia kwa dakika. Dakika tano, basi, ni kurasa mbili hivi za daftari, na katika ukumbi usiocheka hata dakika moja ni ndefu mno. The Comedy Store ya London ilipofunguliwa mwaka 1979, aliyewachosha watazamaji alipigiwa kengele kubwa ya shaba na kushushwa, hata kama ndiyo kwanza ameanza. Sipendi ukali huo uletwe kwetu. Muda wenyewe, hata hivyo, lazima uheshimiwe, maana anayekula dakika kumi anakula zamu ya mwenzake aliyekuja kwa miguu kutoka Katuba. Andika, soma kwa sauti, pima kwa simu, kata. Bakiza nafasi ya watu kucheka.

"Ukirudia kichekesho umeishiwa"

Chris Rock, ambaye anajaza kumbi kubwa za Marekani, anajulikana kwa kupeleka maneno mapya kwanza kwenye vilabu vidogo, akiwa na karatasi zake, na kuyaangalia yakianguka. Anayeanza ndiye anayehitaji zaidi kurudia. Chukua dakika zilezile, badilisha kitu kimoja tu, panda tena. Ukibadilisha kila kitu kwa pamoja hutajua kilichosaidia.

"Ukumbi umenyamaza, basi watu wa hapa hawaelewi"

Provine huyohuyo aligundua kwamba mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Tazama basi viti. Watu 20 waliotawanyika kwenye ua mpana, kila mmoja na meza yake, jenereta likinguruma nyuma, watacheka kidogo hata ukiwaletea bingwa. Anayeandaa jioni asogeze viti mbele, azime muziki, aelekeze taa jukwaani. Hayo yakishafanyika na kimya kikabaki, sasa rudi kwenye karatasi yako.

"Anayekukosoa ana wivu, anayekupenda anakusifu"

Hapa ndipo tunapopoteza watu wengi, na kosa liko pande zote mbili.

Kijana akishuka, huuliza: "Ilikuwaje?" Swali hilo halina jibu ila "ilikuwa vizuri". Aulize: ulicheka wapi? Ulinipoteza wapi? Neno gani hukulisikia? Mtu yeyote anaweza kujibu maswali hayo, hata mama anayeuza mikate mlangoni, tena bila kumuumiza aliyeuliza. Na kabla ya kumuuliza yeyote, rekodi sauti kwa simu. Kesho yake isikilize ukiwa na daftari, uweke alama palipo na kicheko cha ukumbi mzima, na alama nyingine palipo na kicheko cha rafiki zako watatu wa mbele. Rekodi itakuonyesha pia jambo ambalo watu huona aibu kulisema: kwamba uliendelea kuongea wakati watu wanacheka, ukakifunika kicheko chako mwenyewe.

Upande wa pili ni sisi tunaokosoa. Mkubwa husimama mbele ya wote, anamwambia mdogo wake kwamba hana kipaji, au anamwandikia kichekesho kipya palepale. Kijana aliyelelewa vizuri atainamisha kichwa: "Ndiyo, yaya", yaani mkubwa wangu. Ameitika kwa heshima, ila nyumbani anarudi mikono mitupu. Kwa hiyo mkubwa ndiye anayepaswa kuanza na maswali: ulitaka tucheke wapi? Yule baba mwenye nyumba ulimtaja kwa nini, kama hakurudi tena? Mara nyingi kijana mwenyewe atagundua kwamba sentensi ya tatu ilifichua mwisho. Kitu kimoja au viwili vinatosha kwa jioni moja, na visemwe kando, baada ya jasho kukauka. Ukishataja ulichokiona, mwachie kazi mwenyewe. Kichekesho ulichomwandikia wewe kitakaa mdomoni mwake kama kiatu cha kuazima.

"Kwa Kiswahili cha hapa hutafika mbali"

Kundi la Mufwankolo, likiongozwa na Odilon Kyembe Kaswili, liliwachekesha watu wa mji huu redioni na kwenye televisheni kwa miaka mingi, kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Mwaka 1986 lilijenga mchezo mzima kutokana na usemi mmoja, pasipo maandishi: waigizaji waliujadili, wakagawana sehemu, wakajaribu na kusahihishana hadi ukakamilika. Wanaodhani kukosoana ni mambo ya kuiga kutoka nje hawakumbuki kazi iliyofanyika hapahapa.

"Kabila la mtu ndilo kichekesho rahisi kuliko vyote"

Ni kweli ni rahisi. Lafudhi moja, jina moja la ukoo, na ukumbi unalipuka. Lakini mji huu uko Katanga, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wenye asili ya Kasai, eneo jingine la Kongo, walifukuzwa makwao, familia zikalala stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni. Watoto wa familia hizo wanakaa leo kwenye viti vile vile na sisi. Mwanasaikolojia Pie Tshibanda, mzaliwa wa Kolwezi, alikuwa miongoni mwa waliolazimika kuondoka. Alifika Ubelgiji mwaka 1995, na huko akapanda jukwaani kusimulia safari yake: jinsi alivyofukuzwa, jinsi alivyopokelewa, jinsi majirani wake wapya walivyomtazama. Wabelgiji walijaa kumsikiliza na kucheka. Aliyechekwa kwanza ni yeye mwenyewe, na mabaya aliyotendewa hakuyaficha.

Basi kijana akipiga kabila la mtu na ukumbi ukacheka, kicheko hicho kisitufunge mdomo. Aliyeumia, au aliyeketi karibu naye, amtafute kijana jioni ileile kabla hajaondoka, amwambie wazi: sentensi ile ilinigonga mimi. Rekodi ya simu haiwezi kumwonyesha hilo.