Ujirani wa Ruta: Maana Yake na Namna Unavyovunjika

Katika itifaki za uelekezaji, yaani kanuni ambazo ruta (vifaa vinavyoelekeza data baina ya mitandao) hutumia kupashana habari za njia, ujirani ni makubaliano baina ya ruta mbili kwamba kila moja inaisikia nyingine na iko tayari kupokea habari za njia kutoka kwake. Makubaliano hayo si waya. Ofisi ya Changamwe yaweza kuunganishwa na ghala la Kilindini kwa faiba isiyo na dosari, taa za pande zote zikawaka kijani, na bado ruta zake zisiwe majirani.

Katika OSPF, mojawapo ya itifaki hizo, ambayo toleo lake la pili limeelezwa katika RFC 2328 (waraka wa kiufundi wa intaneti) ya mwaka 1998, ruta hubisha hodi kwa pakiti ndogo ya salamu, kwa kawaida kila sekunde 10 kwenye Ethaneti. Inayoisikia huandika kitambulisho cha mwenziwe ndani ya salamu yake, na mpaka ile ya kwanza ijione imetajwa humo, uhusiano hubaki hatua ya Init. Jirani aliyeganda hapo anaonyesha kwamba salamu zinafika upande mmoja tu, mara nyingi kwa sababu ya kichujio cha pakiti. Ikiwa jirani haonekani kabisa, linganisha eneo (sehemu ya mtandao wa OSPF ambayo ruta imepangiwa), vipindi vya salamu, maski ya subneti na nywila, kwani hitilafu moja yatosha salamu kutupwa kimyakimya.

Hatua ya ExStart, ambapo ruta hujiandaa kubadilishana muhtasari wa hifadhidata zao za njia, ndiyo inayowahangaisha wengi, na wengi hukimbilia kuizima ruta na kuiwasha tena, jambo ambalo silioni faida yake. Kinachofaa kutazamwa kwanza ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti: ruta hutaja kiwango chake katika muhtasari wa hifadhidata, na yenye kiwango kidogo huukataa muhtasari unaotaja kikubwa zaidi. Salamu, kwa kuwa ni fupi, zimekuwa zikipita muda wote huo.

Kugundua kiungo kilichokatika ni suala jingine. Faiba ikikatika baina ya ruta mbili zilizoungana moja kwa moja, kwa kawaida mlango (sehemu ya ruta inapochomekwa kebo) huanguka, yaani huzimika, papo hapo. Lakini kukiwa na swichi katikati, mlango hubaki hai, na ruta huendelea kutuma pakiti zisikofika hadi sekunde 40 za ukimya, kikomo cha kawaida cha OSPF, zitimie. Pengo hilo huzibwa na BFD, iliyoelezwa katika RFC 5880 ya mwaka 2010, ambayo haijui njia yoyote bali hupima uhai wa mawasiliano baina ya ruta tu: ikipangwa milisekunde 50 kwa pakiti tatu, hugundua ukimya kwa milisekunde 150. Kwenye kiungo cha redio kinachovuka maji ya Likoni, nisingeibana hivyo, maana pakiti chache zikipotea wakati wa mvua, ujirani utavunjika na kuundwa upya mara kwa mara.

Kumbukumbu za ruta huonyesha sababu ya kuvunjika: mlango ukiwa ndio ulioanguka, anza na kebo, muda wa ukimya ukiwa ndio uliokwisha, anza na kilicho katikati.