Je, wajua kwa nini kuongeza gundi kwenye kiti kinachocheza hakusaidii?

Kiti kikianza kucheza na kulia kila ukikaa, wengi wetu tunakimbilia gundi nyeupe ya mbao, mimina kwenye ule ufa, bana, subiri kesho. Mi kiti kimoja nimekimiminia mara tatu kabla sijashtuka kwamba kila raundi kinalegea mapema kuliko iliyopita. Nilikuwa naichukulia gundi kama udongo wa kuziba tundu, ukizidisha ndo inashika zaidi. Kumbe wapi.

Kinalegea kwa nini? Kwa kifupi, mbao huvimba hewa ikiwa na unyevu na kusinyaa ikikauka, na hufanya hivyo kwa upana, kwa urefu karibu haibadiliki. Ulimi, yani ile ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu la kiungo, ukivimba ndani ya tundu lisilotanuka nao sawa, nyuzi zake zinapondeka, ukija kukauka unabaki mwembamba kuliko ulivyoanza. Tuache hapo, utamu uko kwenye gundi.

Gundi nyeupe ni chembechembe za plastiki, polivinili asetati iliyogunduliwa Ujerumani mwaka 1912, zinazoelea kwenye maji. Mbao tupu ni kama sponji, inanyonya yale maji, gundi inaingia kidogo kwenye vitundu vyake, maji yakiisha zile chembe zinabanana na kuwa utando mmoja wenye vimizizi ndani ya mbao. Hapo mara nyingi mbao itapasuka kabla gundi haijaachia. Sasa chukua sponji ile ile, ivishe mfuko wa plastiki, halafu imwagie maji. Ndo unachofanya kwenye kiti cha zamani, maana gundi iliyokauka ndo mfuko wenyewe: vitundu vimezibwa, gundi mpya haina pa kuingia, inakauka juu juu kama rangi kwenye ukuta wenye mafuta. Na zile chembe za zamani zikishaungana hazirudi kuwa majimaji ili zichanganyike na wageni. Tena gundi hii haijui kujaza pengo, maji yakitoka inasinyaa, nguvu yake iko pale mbao mbili zimebanwa hadi ibaki safu nyembamba. Kwa hiyo ile imani yangu ya udongo ilikuwa kosa mara mbili.

Halafu kuna gundi ya kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo hata Misri ya kale walitumia kwenye fanicha. Hii ni kama sukari iliyoganda chini ya kikombe, ikipata maji ya moto inalainika upya, ukipaka mpya juu ya ya zamani zinaungana zinakuwa kitu kimoja. Mafundi wa fidla wanaing'ang'ania hadi leo kwa sababu chombo kikihitaji matengenezo kinafunguliwa bila kuvunjwa, yani gundi inasifiwa kwa kukubali kuachia!

Umri wa kiti pekee hautakwambia umekutana na ipi, huenda mtu kama mimi alishapita hapo na chupa yake. Dondosha maji ya moto: ikianza kunata kidoleni yaelekea ni ya wanyama, ikigeuka nyeupe na laini kama mpira ni ya plastiki, japo zipo za plastiki zinazostahimili maji na hazitaonyesha chochote.

Kama ni ya plastiki, chomoa kiungo kizima, kwangua mpaka uone mbao, siki ya moto inasaidia kulainisha, ila usipige msasa kwa hasira maana ulimi utazidi kupungua. Ukiwa umeshapungua, bandika kipande chembamba cha mbao kuuzunguka au tumia epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, hiyo pengo inaliweza. Kubana, kamba na kijiti cha kuisokota vinatosha, na usikikalie mpaka siku ya pili.

Changu kilinichukua nusu saa kuunganisha, na karibu siku nzima kukwangua zile raundi zangu tatu.